Kazi za mikono na huduma za Noeli kwa watoto wa parokia: mpango kutoka Majilio hadi Januari

Kila Desemba vikundi vingi vya watoto hufanya mambo mawili yasiyokutana. Upande mmoja karatasi zinakatwa, nyota zinabandikwa ukutani mwa ukumbi, na Noeli ikipita zinaishia jalalani. Upande mwingine walezi wananunua sukari na sabuni, wanawapakia watoto kwenye gari, wanafika kwenye makao ya yatima, picha zinapigwa, watu wanarudi. Watoto hawajui zile karatasi walimkatia nani, na katika ile sukari hawakutoa kitu chao hata kimoja.

Mpango huu unayaunganisha mambo hayo mawili kwa kanuni moja: kila kitu atakachotengeneza mtoto kiwe na mwenyewe kabla mkasi haujashikwa. Anzeni na orodha ya watu, karatasi zije baadaye. Wazo lenyewe ni la zamani. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha Utoto Mtakatifu, shirika la Kikatoliki la watoto kuwasaidia watoto wenzao, mwaka 1843, aliwaomba watoto wenyewe Salamu Maria moja kila siku na sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Hakuwaomba wazazi wao.

Hesabu zote hapa chini ni za kikundi cha watoto 40 wa miaka 5 hadi 13 wenye walezi 6. Walimu wa Shule ya Jumapili wa makanisa mengine watazitumia vilevile. Bei tumeziacha makusudi kwa sababu hubadilika kila mwezi. Chukueni vipimo hivi muende navyo dukani.

Kalenda kabla ya ununuzi

Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Shule nyingi hufungwa karibu na siku hizo, kwa hiyo mnawapata watoto hata katikati ya wiki. Lakini angalieni mlipo. Dar es Salaam na Arusha, ikifika Desemba 18 au 20 familia nyingi zimeshapanda mabasi kwenda kwao, na kikundi kinabaki nusu au pungufu. Rombo, Marangu au Bukoba ni kinyume: watoto wanaongezeka, wengine hamjawahi kuwaona, na kila mmoja anataka kushika rangi. Walio mjini wamalize kazi zote na matembezi kabla ya Jumapili ya nne ya Majilio. Walio kijijini waweke akiba ya vifaa vya watoto 15, na wawape wageni kazi ya kupiga mihuri, ambayo haihitaji mafunzo.

Mikutano mitano ya saa mbili inatosha, mradi ifuate mpangilio huu: wa kwanza udongo, wa pili kadi, wa tatu mifuko na nyota, wa nne pango la Noeli (mahali alipozaliwa Yesu, panapowekwa vinyago) na ufungaji wa mizigo, wa tano matembezi. Udongo unatangulia kwa sababu vinyago vinahitaji wiki nzima kukauka, na kule Tanga au Mtwara kwenye hewa yenye unyevu, siku 10. Vikundi vinavyoacha udongo hadi mwisho ndivyo vinavyoweka pangoni ng'ombe aliyevunjika miguu.

Ndani ya zile saa mbili, mtoto wa miaka 5 hadi 7 atafanya kazi ya mikono kwa dakika 30 hadi 40, kisha mikono inaanza kufanya mengine. Wa miaka 10 na kuendelea atakaa saa nzima. Wapangieni wadogo mchezo au wimbo nusu ya pili, na mtenge dakika 25 za kufanya usafi zisizoguswa na jambo lolote. Mlezi mmoja asizidiwe na watoto 8. Na hata siku moja mlezi asibaki peke yake na watoto chumbani: wawe wawili, mlango wazi.

Orodha ya watu

Wiki mbili kabla ya mkutano wa kwanza, walezi waende kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya waumini majirani ndani ya parokia. Mwenyekiti wa jumuiya anajua bibi yupi anaishi na mjukuu mmoja tu, babu yupi hajaja kanisani tangu Pasaka kwa sababu ya magoti, na nyumba ipi haitaki wageni. Mwombeni majina, kisha mlezi mmoja aende mwenyewe kwa kila aliyetajwa, aulize mambo manne: unapenda watoto waje? Siku gani na saa ngapi? Kuna kazi gani ndogo wanayoweza kukusaidia? Kuna chakula usichotumia?

Swali la mwisho lisirukwe. Wazee wengi wana kisukari au presha, na bado kifurushi cha kawaida cha Noeli kinabeba kilo mbili za sukari na kilo ya chumvi. Atashukuru, atapokea, na ataviweka. Aliyesema hatumii sukari apate mafuta ya kula au maharage yenye thamani hiyo hiyo.

Kwa watoto 40 wazee 12 wanatosha. Ongezeni wagonjwa 8 walio majumbani na watoto 25 wa wodini: jumla watu 45. Andikeni majina kwenye daftari moja, kila jina na mtoto au watoto watakaomshughulikia. Kuanzia hapo kadi inakuwa "ya Bibi Anastazia", na mtoto anayejua jina hilo huandika kwa uangalifu mwingine kabisa.

Vinyago vya udongo

Udongo wa kichuguu ni mzuri sana, na wa mtoni unafaa ukichujwa mawe na mizizi. Ndoo moja ya lita 20 inatosha vinyago 25 vya kimo cha sentimita 10 hadi 12. Kwa kila vikombe vitano vya udongo changanyeni kikombe kimoja cha mchanga laini uliochekechwa. Udongo mtupu hunywea sana unapokauka na kupasuka. Ukandeni siku moja kabla, ufunikeni kwa gunia bichi. Unakuwa tayari pale unapousokota kama kamba nene ya kidole, ukaukunja, usikatike wala usigande mkononi.

Wafundisheni watoto kumchonga mnyama akiwa amelala. Mbuzi aliyesimama kwa miguu minne myembamba atapoteza mmoja kabla ya Jumapili. Aliyelala amekunja miguu chini ya tumbo hufika Epifania mzima. Vivyo hivyo Mariamu na Yosefu: mavazi yafike chini, mwili uwe kama koni yenye kitako kipana, mikono ilale kifuani badala ya kunyooshwa. Kichwa au mkono ukiongezwa baadaye, pande zote mbili zikwaruzwe kwa kijiti, zipakwe udongo uliolainishwa kama uji mzito, kisha zigandamizwe. Ukibandika tu bila kukwaruza, kipande kitadondoka kikikauka.

Sehemu yoyote yenye unene unaozidi sentimita 3 itobolewe kwa chini kwa kidole, iwe na shimo ndani. Nje ikikauka wakati ndani bado mbichi, nyufa haziepukiki. Kwa sababu hiyo hiyo msivianike juani. Siku ya kwanza vifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, kisha vikae kivulini penye hewa, mkivigeuza kila siku. Rangi ipakwe vikiwa vimekauka kabisa: ukikigusisha shavuni, kinyago kibichi ndani huhisi baridi. Hatuvichomi, kwa hiyo visiguswe na maji.

Kadi za bamia

Bamia iliyokatwa kwa upana inatoa umbo la nyota yenye ncha tano au zaidi. Kwa kadi za Noeli hakuna muhuri wa dukani unaoishinda, na mtoto wa miaka 5 anaweza kuitumia.

Chagueni bamia zilizokomaa, zile ngumu ambazo muuzaji atafurahi kuwapunguzia bei. Changa hulainika baada ya kugongwa mara chache. Kateni sentimita 4 kutoka upande wa kikonyo, kikonyo kiwe mpini. Kisha laza vipande vikitazama chini juu ya kitambaa kikavu kwa dakika 20. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoharibu kazi: ute wa bamia ukiwa bado unatoka hulainisha rangi, na badala ya nyota unapata doa. Ncha zikianza kulegea, kateni upya kipande chembamba cha milimita 3, muendelee.

Rangi ya maji ya shule isiongezwe maji. Mwageni kijiko kimoja juu ya sponji iliyowekwa kwenye sahani, watoto wagonge bamia kwenye sponji, si kwenye rangi yenyewe. Sponji moja kwa watoto wanne, rangi moja kwa sponji. Wakiachiwa rangi tatu meza moja, baada ya dakika kumi mnayo rangi moja ya matope.

Sasa karatasi. Manila yenye upana wa sentimita 59 na urefu wa 84 hugawanywa mara nne kila upande, ikatoa vipande 16 vya takriban sentimita 15 kwa 21. Kila kipande kikikunjwa katikati ni kadi inayoingia kwenye bahasha ya sentimita 11.4 kwa 16.2. Kwa kadi 60 (45 za majina na 15 za akiba) manila 4 zinatoa 64. Nunueni 5, kwa sababu moja itakatwa vibaya. Pimeni manila dukani kabla ya kulipa, kwani si zote zenye ukubwa huo. Chukueni nyeupe, krimu au njano hafifu. Bluu na kijani za kukolea humeza rangi ya muhuri.

Ukataji wa vipande ufanywe na watu wazima siku moja kabla, kwa rula ya chuma na kisu cha karatasi. Ukunjaji wa mkono mtupu hupasua uso wa manila kwenye mkunjo, kwa hiyo pigeni kwanza mstari katikati kwa kalamu iliyokwisha wino, mkisimamia rula, ndipo mkunje kuelekea upande wa pili wa mstari.

Ndani ya kadi aandike mtoto mwenyewe. Maneno machache ya kweli yanatosha: "Shikamoo Bibi. Noeli njema. Nitakuja kukuchotea maji Jumamosi." Wazee waweze kusoma kwa urahisi: kalamu nene nyeusi, herufi za kimo cha sentimita moja na nusu, mistari minne tu. Asiyejua kuandika achore, na mlezi aandike chini anachosema mtoto, kwa maneno yake mtoto bila kuyanyoosha. Jina la kwanza la mtoto linatosha. Jina la ukoo, shule na namba ya simu visiandikwe, hasa kwenye kadi zinazokwenda hospitali.

Kadi zilale wazi usiku kucha kabla ya kuwekwa kwenye bahasha. Zikifungwa na rangi mbichi zinagandana.

Mifuko ya kanga na kikombe cha mchele

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na hapo watoto wakubwa wana kazi yenye maana. Doti moja ya kanga iliyotumika lakini bado imara inatoa mifuko 16 ya mchele, kila kipande mifuko minane. Kateni vitambaa vya sentimita 27 kwa 74, ndani kwa nje, vikunjwe katikati kwa urefu. Shoneni pande mbili sentimita moja kutoka ukingoni, kisha pindeni mdomo sentimita mbili na kupitisha kamba ndani yake. Mfuko unabaki na upana wa 25 na kimo cha 35, unaingia kilo 2 za mchele na nafasi ya kufunga inabaki.

Mshono wa mbele tu hautoshi. Mchele utachungulia njiani. Washone kwa kurudi nyuma, hatua za milimita 3 au 4, uzi maradufu, na pembe za chini zirudiwe mara mbili. Kabla ya kukata, inueni kanga juani: panapopenya nuru kama chujio pawekwe kando. Mtoto wa miaka 11 ambaye hajawahi kushona atamaliza mfuko mmoja kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Watoto 12 wanafanya mifuko 12, na kila mmoja anaijua nyumba ambayo mfuko wake unakwenda. Wavulana washone pia.

Mchele wenyewe uletwe na watoto. Kikombe kimoja cha chai, mililita 250, ni karibu gramu 200. Watoto 40 wakileta kikombe kila Jumapili kwa Jumapili tatu za Majilio, ni kilo 24, yaani kilo mbili kwa kila mzee kati ya wale 12. Msitegemee zitimie zote; tengeni fedha kidogo ya kujazia.

Yapo matatizo mawili. La kwanza: mchele wa kila nyumba ni tofauti, na unaonata ukichanganywa na unaochambuka, mmoja unakuwa bokoboko mwingine ukiwa bado na kiini. Wekeni ndoo mbili zenye alama, na mama mmoja anayejua mchele asimame hapo. La pili ni zito zaidi. Wapo watoto ambao nyumbani kwao hakuna kikombe cha kutoa, na wasiposaidiwa wataacha kuja kabisa Jumapili hizo. Ndoo ziwe na vifuniko, zikae mlangoni kabla ya Misa, na asihesabiwe mtu wala kusomwa majina. Tangazeni tangu mwanzo kwamba mchango ni wa aina mbili, kuleta na kuchambua, na vyote viwili vinahitajika. Na ni kweli vinahitajika: kilo 24 zinapaswa kupepetwa na kutolewa mawe kwa nyungo, kazi ya watoto wanane kwa saa nzima.

Kwenye kila kifurushi ongezeni, kutokana na sadaka ya watoto au mchango wa jumuiya, nusu lita ya mafuta, robo tatu ya kilo ya maharage, pakiti ya majani ya chai, viberiti viwili na robo mche wa sabuni. Mche hukatwa vizuri kwa waya mwembamba au uzi wa nailoni uliovutwa pande mbili. Kisu huubomoa kona. Parokia nyingine hupenda kutengeneza sabuni ya maji pamoja na watoto. Tunawasihi msifanye hivyo. Salfoniki inayotumika kuitengeneza ni asidi, na kostiki inaunguza ngozi na macho. Hizo ni kazi za watu wazima wenye glavu na miwani, mahali watoto hawapo.

Nyota ya fito

Kwa kila nyota kubwa ya kutundika: fito 10 za mianzi au matete zenye urefu sawa wa sentimita 40, na vijiti 5 vya sentimita 8. Fito tano zikifungwa ncha kwa ncha kwa uzi zinatoa nyota moja bapa, kama mtoto anavyoichora bila kuinua kalamu. Tengenezeni mbili, zilazeni moja juu ya nyingine, mfunge ncha zote tano kwa pamoja. Kisha tanueni katikati kwa kusimamisha vile vijiti vifupi kwenye makutano matano ya ndani, na kila kimoja kifungwe juu na chini. Nyota inavimba, inakuwa na sura.

Fito zikitofautiana hata sentimita moja nyota inapinda upande, kwa hiyo kateni zote kwa kipimo kimoja cha mfano. Mafundo ya mwanzo yasikazwe hadi umbo likae sawa. Vijiti vifupi vikichomoka, sababu ni urefu: vikizidi sentimita 8 fito zinavisukuma nje. Funikeni kwa karatasi laini za rangi, mkitumia gundi ya unga.

Gundi hiyo: kikombe kimoja cha unga wa ngano kikorogwe na kikombe cha maji baridi hadi mabuje yaishe, kimiminwe kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, na kukorogwa dakika tatu hadi tano mpaka ing'ae. Ongezeni vijiko viwili vya chumvi. Itumike siku hiyo, au kesho yake kwa shida. Siku ya tatu imechacha. Mende na panya wanaipenda, kwa hiyo kazi zilizobandikwa zifungiwe kwenye ndoo au kabati.

Mshumaa usiingie ndani ya nyota hata kwa dakika moja ya picha. Taa ndogo ya betri inatosha. Nyota nne zinatosha kundi zima: moja kwa pango, tatu za kubebwa siku ya matembezi na kuachwa kwa wazee watakaozipenda.

Pango

Mifuko ya saruji ya karatasi, ikikunjwakunjwa na kupakwa rangi, inafanana na mwamba kuliko kitu chochote cha kununua. Lakini vumbi la saruji likikutana na jasho huunguza ngozi, na machoni ni hatari. Mtu mzima aikung'ute nje, akiwa amefunika pua na mdomo, achane tabaka la ndani lililogusa saruji na kulitupa, afute la nje kwa kitambaa kibichi. Ndipo watoto waguse.

Boksi kubwa moja la televisheni na madogo matatu yanatoa kiunzi, na mifuko minne mikubwa inakifunika. Loweka karatasi kidogo, ifinyange kwa nguvu, ikunjue, ipakwe gundi nyuma, ibandikwe bila kuinyoosha. Ikikauka ipigwe sponji yenye rangi ya kahawia, kisha kijivu juu ya vilele tu. Kazi hii ya sponji wapeni wadogo. Majani makavu na pamba vikae mbali na mishumaa ya altare, mita mbili au zaidi, na msimwombe sakristani aweke mshumaa ndani ya pango hata akiahidi kuusimamia.

Siku ya matembezi

Watoto sita na walezi wawili kwa kila nyumba, si zaidi. Kundi la watoto 40 kwenye chumba cha bibi mmoja ni usumbufu. Wagawanyeni, makundi yaende kwa wakati mmoja, kila kundi nyumba mbili, dakika 45 kila moja. Walezi 6 hawatoshi siku hiyo, kwa hiyo ombeni watu wazima wengine waongezeke. Barua ya ruhusa ya mzazi iwe imerudi na sahihi na namba ya simu, na mlezi abebe orodha ya watoto, maji ya kunywa na bandeji.

Mkutano wa kabla ya hapo fanyeni mazoezi kwa vitendo, mlezi mmoja akiwa bibi. Wapige hodi wasubiri wakaribishwe. Waseme "Shikamoo", halafu "Tumsifu Yesu Kristo". Wakae pale watakapoonyeshwa, hata kama ni mkekani. Wakipewa ndizi au chai wapokee kwa mikono miwili, kwani mzee naye anataka kutoa. Wasiseme kitu kuhusu nyumba, harufu au giza. Mtoto wa miaka sita akiambiwa hayo mapema, huyashika.

Kazi itangulie, zawadi ije baadaye: madumu mawili ya maji, uwanja ufagiwe, kuni zipangwe. Kisha nyimbo tatu, mtoto asome kadi yake kwa sauti, kifurushi kikabidhiwe, sala fupi, kwaheri. Kifurushi kikitangulia, mzee atahangaika kushukuru muda wote. Mzee asiyesikia vizuri akae karibu na msomaji. Anayelia aachwe alie. Mlezi amshike mkono na wimbo uendelee taratibu.

Picha tunashauri zisipigwe ndani ya nyumba za watu. Ikilazimu kwa taarifa ya parokia, pigeni watoto wakiwa njiani na mizigo yao, kwa idhini ya wazazi.

Mtoto akirudi amemwambia mlezi jambo linaloashiria ukatili, kwake au kwa mtoto wa nyumba mliyotembelea, lisipuuzwe wala lisijadiliwe kikundini. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Hospitali na makao ya watoto

Wodini msipeleke watoto. Hospitali nyingi haziwaruhusu wadogo, na zina sababu nzuri. Zungumzeni na muuguzi msimamizi wa wodi wiki moja kabla, mpeleke kadi kupitia walezi wawili. Kadi za wodini zisiwe na unga wa kumetameta, unaoingia machoni na vitandani, wala shanga za kumezwa. Puto ziacheni.

Kwa makao ya watoto, pitieni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu kabla ya kupanga lolote. Atawaambia makao yapi yana kibali na yana upungufu gani. Na tunawashauri msiende wiki ya Noeli. Wiki hiyo magari hupishana getini, soda na biskuti zinabaki, watoto wanaimbishwa nyimbo zile zile kwa kila mgeni. Pangeni Februari, muende kucheza: mipira miwili, kamba za kuruka, mchana mmoja.

Miti, kwa wenye mvua

Dodoma, Singida, Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma mvua za msimu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kikundi kikitaka kuongeza huduma ya kupanda miti, hapo Desemba ndio wakati wake. Pwani, Tanga, Kilimanjaro na Arusha vuli inakwisha Desemba, na mche utakaopandwa Noeli unakutana na jua la Januari na Februari. Huko subirini masika ya Machi, au kila mti uwe na mtoto jirani wa kuumwagilia lita tano mara mbili kwa wiki. Shimo la sentimita 45 kila upande, nusu debe la samadi iliyooza, na kiriba (kile kifuko cha plastiki kinachobeba mche) kichanwe na kuondolewa kabla ya kupanda. Miche inayopandwa na kiriba chake huonekana hai miezi michache, kisha mizizi inajizungusha na mti unadumaa.

Desemba 28 na baada yake

Sikukuu ya Watoto Mashahidi ni nafasi ya wale waliobaki: wapeleke kadi za akiba kwa wagonjwa waliosahaulika, na wamimine kibubu cha sadaka zao, wahesabu wenyewe mbele ya wenzao.

Fedha hizo msizimalize kwenye pilau. Januari shule zinafunguliwa, na nyumba nyingi zimeshamaliza kila kitu Desemba. Daftari nne, kalamu mbili za wino, penseli, kifutio na rula kwa mtoto mmoja ni zawadi inayotumika kesho yake asubuhi. Walimu wa shule ya msingi ya jirani watawapa idadi ya wenye uhitaji bila kutaja majina mbele ya kikundi. Vifurushi vipelekwe ofisini kwa mwalimu mkuu, naye agawe kimya kimya. Jalada la daftari la kwanza lipigwe muhuri wa bamia.

Vinyago vya udongo vifungwe kimoja kimoja kwa gazeti kavu, viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na kifuko cha mkaa wa kunyonya unyevu, juu ya rafu na si sakafuni. Fito za nyota zifunguliwe vijiti vya katikati, zilale bapa, karatasi zitolewe. Kwenye daftari la orodha andikeni, nyumba kwa nyumba, mzee alisema nini, kazi gani ilibaki, na nani aliomba watoto warudi lini.